Kutia taa ndani ya modeli ya chombo cha anga: mwongozo kwa walio Lubumbashi

Kabla hujanunua hata taa moja, chukua ganda la juu la modeli yako likiwa bado halijapakwa rangi, ingiza ndani tochi ya simu, kisha zima taa ya chumba. Plastiki nzima itawaka: juu, pembeni, kwenye mshono, hata pale pasipo na dirisha. Hapo ndipo kazi ilipo. Wengi wanaotamani Enterprise, chombo cha mfululizo wa televisheni wa Star Trek, inayowaka juu ya kabati huogopa umeme, kumbe umeme wake ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Kinachotenganisha modeli ya kuwaonyesha wageni na toi la mtoto ni giza: mwanga utoke pale tu ulipouruhusu, kwingine kote uzuiwe. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kuziba, na nitapita haraka kwenye yale ambayo fundi yeyote wa telefone anaweza kukuonyesha ukiwa umesimama mbele ya meza yake.

Chagua chombo

Mfano wangu ni Enterprise ya kwanza, NCC-1701, ya Star Trek iliyoanza kurushwa Marekani Septemba 1966. Taa zake zinajulikana vizuri na modeli zake zipo za kila ukubwa. Kwenye hadithi chombo hicho kina urefu wa mita 289. Kipimo cha 1/1000 kinakupa sentimita 29, cha 1/650 kinakupa kama 45, na cha 1/350 kinapita 80. Ile ndogo inavutia kwa bei, ila shingo yake, kipande kinachounganisha sahani ya juu na mwili wa chini, ni nyembamba mno. Nyaya za kawaida hazipiti. Ile kubwa ina nafasi ya kutosha, lakini itakudai madirisha mengi na meza nzima ya sebuleni. Kwa anayeanza, 1/650 inatosha.

Kama ulikulia kwenye televisheni ya Kifaransa na moyo wako uko kwa Cosmos 1999, ule mfululizo wa Gerry na Sylvia Anderson wa 1975 hadi 1977, utaitaka Eagle, chombo chake. Madirisha yake ni machache, jambo zuri. Lakini katikati ni fremu ya mabomba matupu, kila waya unaonekana, kwa hiyo itabidi uzipitishe nyaya nyuma ya mabomba na kuzipaka rangi ileile. Modeli za siku hizi za Yamato za Bandai, kutoka katuni ya Kijapani ya 1974, hubanwa bila gundi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu unaweza kuifungua tena taa ikifa.

Kwa wanaokusanya vilivyokwisha kutengenezwa, tahadhari moja ya umeme. Mapambo ya zamani ya Noeli ya Hallmark, ambayo Enterprise yao ya kwanza ilitoka 1991 na wakusanyaji bado wanaitafuta, hayana betri. Yanachomekwa kwenye mnyororo wa taa za Noeli wa Marekani, yakichukua nafasi ya balbu moja, na mnyororo huo ni wa volti 120. Usiuunganishe na ukuta wetu wa volti 220. Na ukikutana na kasha la zamani la modeli za AMT, tazama maandishi ya nje: matoleo ya mwanzo ya miaka ya 1960 yalikuja na taa zake, ya baadaye hayakuwa nazo, na tofauti hiyo inabadilisha bei.

Vifaa, na pa kuvipata mjini

Modeli yenyewe utaiagiza nje. Ikija kwa ndege, usiagize rangi za kopo la kupuliza wala betri za lithiamu katika mzigo uleule. Vyote viwili vina masharti makali ya usafiri wa anga na vitakuchelewesha. Rangi ipo hapa, kwa wauza rangi za magari. Betri zipo kila kona.

Taa ndogo kabisa zinapatikana kila mwisho wa mwaka kwenye Soko la Kenya na kwa wauza vitu vya Kichina katikati ya mji: zile taa za Noeli zenye waya mwembamba wa shaba na matone madogo ya LED (taa ndogo za kielektroniki) juu yake. Tone moja halizidi punje ya mchele, na tayari limelehemiwa. Nunua zenye mwanga wa njano kidogo, si ule mweupe wa kibuluu. Dirisha la chombo chenye watu linapaswa kuonekana kama chumba cha watu. Chukua pia mishumaa ya bandia inayomeka kama moto, tutaihitaji kwenye injini. LED za miguu miwili, rezista (kipande cha kupunguza mkondo) na chipu ya 555 (ya kuhesabu muda wa kuwaka na kuzima) utazipata kwa mafundi wa redio, au utazitoa kwenye mashine zilizokufa.

Waya ndiyo sehemu tamu. Waya wa kawaida ni mnene mno kwa shingo ya Enterprise. Unachotaka ni waya wa shaba uliopakwa vanishi, wa milimita 0.1 hadi 0.2, ule wanaoutumia mafundi wa telefone kuunganisha njia zilizokatika kwenye bodi, na mafundi wa bobina kufunga koili. Nenda kwa fundi wa bobina kwa heshima:

"Jambo yenu, papa. Uko na kawaya kembamba kabisa, yenye haijaungua?"

"Ya nini, mwana? Unafunga moteri gani?"

"Hapana papa, ni ya kandege ya kuchezea, yenye kuwaka."

Atacheka, halafu atakupa vipande vilivyobaki kwenye kibobina. Vikague kabla ya kushukuru. Vanishi nzuri ni ya kahawia inayong'aa, na ukiukunja waya haipasuki. Ikiwa nyeusi na inabanduka, hiyo imeungua ndani ya moteri, nyaya mbili zikigusana ndani ya chombo utapata shoti na hutajua iko wapi. Shaba hiyo huenda ilichimbwa Kolwezi, ikazunguka dunia ikarudi kwetu imeshavutwa kuwa uzi. Angalau kipande hiki kinabaki nyumbani.

Nyuzi za plastiki za kupitisha mwanga zinatoka kwenye zile taa za mapambo zenye umbo la ua, ambazo ncha za nywele zake zinabadilika rangi. Taa moja inatosha kwa modeli kadhaa. Usiokote vipande vya kebo ya intaneti vinavyoachwa kando ya barabara na watandazaji. Ndani yake ni kioo, kinavunjika kuwa vijiba visivyoonekana, vinaingia kwenye kidole na havitoki.

Mengine: kifaa cha kulehemia cha wati 30 hivi, multimeta (kipima umeme) ya bei yoyote, msasa wa namba 400 na 800, gundi nyeupe ya mbao, epoksi, na vichokonoo vidogo vya kutobolea vya milimita 0.5 hadi 1 pamoja na mpini wake wa kuzungusha kwa vidole.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya taa

Chukua karatasi, chora chombo kutoka juu na kutoka ubavuni, weka alama kila mwanga na rangi yake. Enterprise ya 1966 ina madirisha meupe, taa nyekundu na kijani kwenye kingo za sahani, taa nyeupe zinazomeka, yaani zinazowaka na kuzima, na kuba mbili za rangi ya chungwa mbele ya injini. Nyekundu iko kushoto, kijani kulia, ukihesabu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha rubani akitazama mbele. Ukisahau, tazama ndege yoyote inayoshuka uwanja wa Luano jioni. Kanuni ni ileile. Lile sinia la mbele, kwenye mwili wa chini, halikuwaka katika mfululizo wa kwanza. Lilikuwa la rangi ya shaba tu, na sisi watu wa Katanga hatuna sababu ya kulitilia balbu.

Kisha amua nyaya zitatokea wapi. Usilichukulie jambo hili kirahisi, kwa sababu hata studio ilishindana nalo. Modeli kubwa iliyopigwa picha kwa ajili ya televisheni ilikuwa na urefu wa mita 3.4 hivi. Ilipokabidhiwa mwishoni mwa 1964 haikuwa na taa. Zilipoongezwa, nyaya zilitokea ubavu wa kushoto, na ubavu huo haukumaliziwa kabisa. Kamera ilikaa upande wa kulia. Walipotaka chombo kielekee upande mwingine, waligeuza filamu, na namba zilibandikwa kinyumenyume ili zisomeke. Modeli hiyo sasa iko Washington, kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian la anga, ilikotolewa zawadi mwaka 1974.

Nawe unaweza kufanya hivyohivyo bila aibu. Kama modeli itakaa kwenye rafu, mgongo ukutani, ubavu mmoja hautatazamwa na mtu. Toboa madirisha ya upande mmoja, umepunguza nusu ya kazi. Kama itaning'inia au itakaa katikati ya meza, hapo huna njia ya mkato: nyaya zote zishuke kwenye shingo, zipite mwili wa chini, zitokee kwenye bomba la kitako.

Hatua ya pili: madirisha

Chonga alama kwa ncha ya sindano kabla ya kutoboa, la sivyo kichokonoo kitateleza na safu ya madirisha itapanda na kushuka. Zungusha kwa vidole, polepole. Mashine ya umeme inayeyusha plastiki na kuacha ukingo uliovimba, na sindano iliyochomwa moto inafanya vibaya zaidi. Kwa 1/650, milimita 0.6 hadi 0.8 inatosha. Dirisha kubwa kupita kiasi linakipunguza chombo. Jicho linahesabu ukubwa wa meli kwa udogo wa madirisha yake.

Dirisha la pembe nne linatobolewa matundu mawili yanayogusana, kisha linachongwa kwa ncha ya wembe. Usitoboe yote yaliyochorwa. Na hata uliyoyatoboa, theluthi moja hivi utaiziba baadaye kwa ndani. Meli yenye madirisha yote yanayowaka inaonekana kama pambo la Noeli. Wapo waliolala, wapo walio zamu.

Hatua ya tatu: giza

Safisha ndani ya maganda kwa maji na sabuni, acha yakauke. Paka rangi nyeusi isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba, kila mahali isipokuwa pale gundi itakapokaa. Kopo la rangi ya gari linafaa, ila pulizia ukiwa mbali na kwa vumbi jepesi. Likimwagika zito kiyeyusho chake kinakula plastiki. Acetoni na dawa ya kutoa rangi ya kucha vikae mbali kabisa na modeli.

Nyeusi ikikauka, paka nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia, nyeupe inarudisha mwanga ndani na kuusambaza ili taa moja ihudumie madirisha kumi. Ukiacha nyeusi peke yake utahitaji taa maradufu, na dirisha lililo mbali na taa litakuwa hafifu. Baada ya rangi, fungua tena matundu kwa kuzungusha kichokonoo mara moja kwa kila moja.

Sasa rudia lile jaribio la tochi. Simama katika chumba cheusi, zungusha ganda, tafuta mwanga usio halali. Utaupata sehemu tatu kila mara. Ya kwanza ni mshono: plastiki ya ukingoni ni nyembamba na rangi haikufika. Bandika ukanda wa karatasi nyeusi kwa ndani ya ganda moja, utokeze milimita tatu ili ganda la pili liufunike. Ya pili ni kitako cha kila kuba na kila kipande cha plastiki angavu. Paka nyeusi kwenye ukingo wake wa kukalia. Ya tatu ni shingo, ambayo mwanga unashuka ndani yake hadi mwili wa chini. Izibe kwa sponji nyeusi iliyotobolewa njia ya nyaya.

Kuna wanaotumia karatasi ya alumini yenye gundi badala ya rangi. Inaziba vizuri kuliko chochote, nami naitumia nyuma ya kuba za injini. Lakini inapitisha umeme. Viungo viwili vilivyo wazi, kimoja cha chanya na kimoja cha hasi, vikiigusa, taa zote zinazimika.

Halafu gawanya vyumba. Taa nyekundu ya ukingoni isiwe na njia ya kufika kwenye madirisha, na LED inayomeka isipake mwanga wake kwenye dari ya ndani, la sivyo sahani nzima itapumua nayo. Vipande vya karatasi ngumu nyeusi vilivyobandikwa wima vinatosha.

Hatua ya nne: taa na rezista

Amua volti moja kwa chombo chote. Mimi napendekeza volti 5, ile ya chaja ya simu, kwa sababu delestaji (mgao wa umeme) ikija unahamia betri bila kubadilisha chochote, na umeme ukirudi kwa kishindo ni chaja ya bei ndogo inayokufa, si kazi yako.

Mguu mrefu wa LED ni chanya. Kama umeshaukata, tazama ukingo wa kichwa: upande uliobapa ni hasi. Kila LED ipewe rezista yake. Hesabu: toa volti ya LED kwenye volti ya chanzo, gawanya kwa mkondo unaoutaka. LED nyeupe hutumia kama volti 3, nyekundu kama 2. Kwa miliampea 10, nyeupe inataka (5 − 3) ÷ 0.01, yaani omu 200, na rezista ya kawaida iliyo karibu ni 220. Nyekundu inataka 300, utaweka 330. Usiunganishe nyekundu na nyeupe kwenye rezista moja. Nyekundu itakunywa mkondo wote na nyeupe itabaki gizani.

Hiyo ndiyo hesabu ya kitabu, na kwa madirisha ni mwanga mwingi mno. Weka 470, au hata 1,000. Jaribu chumbani usiku, si mchana mbele ya mlango. LED ya siku hizi kwa miliampea 2 inatosha kabisa nyuma ya dirisha la nusu milimita.

LED yenye kichwa cha mviringo inarusha mwale mbele, na ukiielekeza kwenye dirisha utaona nukta kali moja na jirani zake zimefifia. Kata kichwa, kipige msasa wa 400 hadi kiwe na ukungu, kisha kielekeze kwenye dari nyeupe ya ndani na si kwenye madirisha.

Waya wa vanishi haulehemiki mpaka vanishi itoke. Kwaruza ncha kwa wembe pande zote, au iweke ndani ya tone la lehemu ya moto hadi uone moshi na shaba imegeuka rangi ya fedha. Fungua dirisha, moshi huo si wa kunusa. Usishike mguu wa LED kwa moto zaidi ya sekunde tatu. Chovya kila kiungo kwenye vanishi ya kucha au kivishe kijibomba kinachonywea kwa joto, na upime kwa multimeta kabla ya kuendelea na kinachofuata.

Kwa ncha za kingo, ambako LED haiingii, tumia nyuzi za mwanga. Pitisha uzi kwenye tundu, gundisha kwa gundi nyeupe au epoksi. Usitumie supaglu: inaukausha uzi wa plastiki, unavunjika ukiugusa, na inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Acha uzi utokeze nje milimita tano. Utapakwa rangi pamoja na chombo, kisha mwishoni unaukata sawa na ganda kwa kikata kucha, na ncha safi inabaki inawaka.

Hatua ya tano: zinazomeka

Njia ya mvivu ni LED yenye chipu yake ndani, inayomeka yenyewe ukiipa umeme. Inafanya kazi, lakini inawaka na kuzima kwa muda sawa, kama kiashiria cha gari. Taa ya chombo cha anga inapaswa kupiga kwa ghafla na kunyamaza.

Kwa hilo chukua 555, chipu iliyopo madukani tangu 1972. Mguu wa 1 uende hasi. Wa 4 na wa 8 viende chanya. Wa 2 na wa 6 viunganishwe pamoja, kisha kapasita (kipande cha kuhifadhi chaji) ya mikrofaradi 10 kutoka hapo hadi hasi, ule upande wake wenye mstari ukiwa hasi. Kati ya chanya na mguu wa 7 weka rezista ya kiloomu 120. Kati ya mguu wa 7 na wa 6 weka ya kiloomu 10. LED, pamoja na rezista yake, iunganishe kati ya chanya na mguu wa 3, si kati ya mguu wa 3 na hasi. Siri iko hapo. Mguu wa 3 unabaki juu kwa kama sekunde 0.9, LED imezimwa. Kisha unashuka kwa sekunde 0.07 tu, LED inapiga. Ukiigeuza LED kwenda hasi utapata kinyume: inawaka muda wote na kupepesa kidogo. Ukitaka mpigo mrefu zaidi, panua ile ya 10 iwe 22.

Bodi yake isikae ndani ya sahani. Iweke kwenye kitako, ufikie siku kapasita itakapochoka.

Hatua ya sita: injini

Kwenye modeli ya studio, nyuma ya kila kuba kulikuwa na mapanga ya feni yaliyozunguka mbele ya balbu ndogo za rangi, na ndiyo maana injini zile zinaonekana hai. Kuweka moteri ndani ya 1/650 inawezekana, lakini italia kama mbu na itakuwa ya kwanza kuharibika. Nafuu ni hii: toa LED mbili kwenye mishumaa ya bandia, ongeza nyekundu moja na ya chungwa moja, zipange nyuma ya kuba kwa duara, na nyuma yao bandika karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa kisha ikanyooshwa nusu. Mikunjo inatawanya mwanga na macho yanaona mzunguko. Piga msasa wa 800 ndani ya kuba, usiguse nje. Kila LED ya mshumaa inameka kwa mpigo wake, hivyo upande wa kushoto na wa kulia havitafanana, na ni vizuri.

Hatua ya saba: kufunga na kupaka

Usifunge kabla ya kuiacha iwake usiku mzima ikiwa imeshikwa kwa utepe tu. Taa yenye lehemu mbaya hufa mapema, na ni heri ife sasa.

Msimu una maneno yake. Kati ya Novemba na Aprili hewa imejaa maji, na rangi ya kupuliza inapata ukungu mweupe; subiri siku ambayo haijanyesha, pulizia adhuhuri. Kiangazi rangi inakauka vizuri, lakini vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Mwagia sakafu maji nusu saa kabla, funga madirisha, na funika modeli kwa boksi mara baada ya kupuliza. Rangi ya Enterprise ni kijivu hafifu, si nyeupe. Mpelekee muuza rangi za gari kipande cha plastiki cha kulinganisha, achanganye kidogo.

Baada ya rangi, zungusha tena kichokonoo kwenye kila tundu, kisha kwa kijiti cha meno weka tone la gundi nyeupe. Ikikauka inakuwa angavu na dirisha linapata kioo chake.

Kitako na chanzo cha umeme

Tumia ubao mzito. Mninga ukiupata, nao unapendeza. Ndani weka tundu la USB, kisanduku cha betri nne za AA, na swichi yenye sifuri katikati: upande mmoja USB, upande wa pili betri. Swichi hiyo inahakikisha vyanzo viwili havikutani. Betri nne zinatoa volti 6, rezista ulizoweka zinazimudu bila shida, na chombo kinachokula miliampea 60 kitawaka kwa zaidi ya saa 30.

Pawabenki utakuta inazima yenyewe baada ya dakika chache. Haijaharibika. Nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa, na chombo chako kinakula kidogo kuliko simu yoyote. Kwa hiyo usiku wa giza tumia AA.

Weka modeli mbali na jua la dirishani, linaifanya plastiki na rangi kuwa ya njano. Chora ramani ya nyaya, rangi kwa rangi, uibandike chini ya kitako kwa ndani. Na kama haitawashwa kwa muda mrefu, toa betri za AA. Zikivuja utabadilisha kisanduku kizima, na pengine waya wa hasi pia.